Nyumba Isiyo na Mtu

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ameondoka. Hajaniacha! Naomba hilo lieleweke tangu mstari wa kwanza. Amekwenda kukaa kwa dada yake upande wa pili wa mji, na begi moja na mto wake wa kulalia. Huo mto ndio umenitia wasiwasi. Mtu anayerudi kesho habebi mto.

Chanzo ni bomba. Leo siku ya tisa bomba la jikoni halitoi hata tone. Mtaa mzima unapata maji kwa zamu, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, isipokuwa sisi. Mke wangu ni muuguzi wa zahanati. Anasimama kutwa, akirudi anabeba ndoo kutoka kwa jirani. Asubuhi ametua ndoo ya nne, akajifuta mikono, akasema polepole kwamba amechoka, na kwamba atarudi siku atakayosikia kwa masikio yake maji yakianguka kwenye sinki la jikoni. Angefoka ningepata la kujibu. Hakufoka.

Nimemwapia kwamba Jumamosi maji yatatoka.

Kabla ya kutoka aliniuliza kama msoma mita amepata kuingia humu ndani tangu mwaka jana. Swali gani hilo? Hajaingia, na ndiyo fahari yangu! Mita yetu iko uani, na njia ya uani ni kupitia sebuleni. Mimi ni fundi saa, meza yangu iko dirishani, kwa hiyo kofia yake ya bluu naiona ikielea juu ya ukuta kabla hajafika. Hatua tatu, niko nyuma ya kochi. Anagonga kwa ule ufunguo wake wa chuma: ko, ko, ko. Mara tatu tu, hajawahi kuzidisha. Kisha anaandika kitu na kwenda zake. Mita isiyosomwa haina la kusema juu ya mtu, wala haimletei ankara. Mke wangu huita jambo hili utoto. Miezi minne sasa! Siku hizi mwili unakwenda wenyewe nyuma ya kochi, hauniulizi.

Kuhusu bomba, namshuku Mstaafu. Ndiye jirani yetu, mwalimu aliyestaafu, ana mpira wa maji wa kijani mrefu kama mkutano wa wazazi. Anamwagilia maua huku ananitazama. Mtu mwenye maji mengi kiasi kile, mengine lazima ni yangu.

Mchana nimesinzia mezani. Nimeota sebule imejaa maji hadi magotini, safi, ya uvuguvugu, na mke wangu anapita katikati yake amebeba mto kichwani. Nikamwita. Akasema nisubiri, bado anatafuta pa kuutua. Nimeamka nimelalia bisibisi.

Jumanne, 4 Machi

Akili ni nywele, na mimi ninazo bado. Mke wangu hakusema anataka maji. Alisema anataka kusikia maji! Ukimsikiliza mwanamke vizuri, nusu ya kazi imekwisha.

Saa sita nimesimama juu ya kigoda jikoni, birika mkono mmoja, simu mkono wa pili. Nimempigia zahanati. Nikamwambia asikilize. Nikamimina kutoka juu, taratibu, maji yakaanguka kwenye sinki kwa mlio mtamu, hata mimi mwenyewe nikaguswa. Akakaa kimya. Muda mrefu. Nikadhani analia kwa furaha.

Akaniomba nifunge bomba. Nikainua birika. Akaniomba nifungue tena. Birika likawa limekwisha. Nikamwambia presha imeshuka kidogo, ndiyo hali ya mabomba.

Akanieleza, kwa upole wa muuguzi anapomwambia mtu habari mbaya, kwamba amekaa na jiko lile miaka kumi na minne, na kwamba bomba letu hukohoa mara mbili kabla ya kutoa maji. Birika halikohoi.

Nikakohoa. Mara mbili. Akakata simu.

Alasiri nimekaa jikoni bila sababu. Jua linaingia kwa dirisha dogo na kulala sakafuni. Bomba limelegezwa, linavuta pumzi. Nimeweka sikio. Kwa mbali sana, ndani kabisa ya ukuta, kuna kitu kinapita, kinakwenda kwa watu wengine. Nimesikiliza mpaka jua likatoka sakafuni likapanda kabatini. Namkosa. Sitamwambia, lakini namkosa hata anavyofunga makabati kwa kishindo.

Jumatano, 5 Machi

Zamu ya maji. Mpira wa Mstaafu umeimba tangu alfajiri. Sikuvumilia. Nikavaa shati la kwenda kwa watu, nikaenda ofisi ya maji kumshitaki.

Benchi la mbao, feni inayozunguka kama inayokumbuka jambo. Dirisha la tatu kuna dada mwenye miwani ya mnyororo. Nikampa namba ya nyumba. Akabonyeza, akasoma, akanitazama kwa huruma. Akaniuliza kama mimi ndiye msimamizi wa mirathi.

Mirathi ya nani?

Akageuza kompyuta nijionee. Mbele ya namba ya nyumba yangu pameandikwa neno moja: HAIKALIWI. Akanieleza utaratibu. Msoma mita akigonga mara tatu, kila mwezi, kwa miezi minne, asiitikiwe na mtu, nyumba inahesabiwa kuwa tupu, na koki ya barabarani inafungwa ili maji yasipotee bure. Akasema wamesikitika sana. Inaonekana wenyewe waliondoka Novemba.

Nikamwambia mimi naishi mle. Akauliza, je, sikusikia hodi miezi minne?

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kweli. Kweli yenyewe ilikuwa fupi. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasikia nikisema kwamba mimi ni kiziwi tangu Novemba.

Akashika moyo. Akanong'ona, pole sana. Nikasema asante.

Lo! Tukatazamana. Dada wa dirisha la tatu ana moyo mzuri, au ana foleni ndefu, maana hakusema neno. Akajaza fomu. Ijumaa saa nne asubuhi mkaguzi atakuja kutafuta dalili za makazi. Akikuta mtu, Jumamosi koki inafunguliwa na maji yanatoka. Asipokuta mtu, faili linarudi kabatini hadi Januari.

Januari! Mke wangu na mto wake, hadi Januari!

Nikarudi kwa miguu. Ajabu, njia nzima hakuna aliyenisalimu. Muuza magazeti alinipita. Hata mbwa wa kona, ambaye hunibwekea kila siku, alipiga miayo. Nilipofika mlangoni kwangu, sijui kilichonishika, nikagonga. Mara tatu. Nikangoja. Hakuna aliyeitika. Nikaona ofisi nayo ina hoja.

Nimeingia kwa kunyata, nisimsumbue asiyekuwapo.

Alhamisi, 6 Machi

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Wanataka dalili? Nitawapa dalili mpaka zibaki.

Kamba ya nguo: suruali zangu nne, magauni mawili aliyoyaacha mke wangu, na taulo saba. Mezani: sahani mbili, vikombe viwili, kimoja kimenywewa nusu. Mlangoni: jozi tano za viatu, maana watu wengi hawadanganyi. Redio: sauti ndogo, muziki wa taratibu, ya mtu aliyetulia kwake.

Halafu ikaja fikra yenyewe. Mtu mmoja anaweza kuwa mpita njia. Wawili ndio nyumba! Nikachukua koti langu la baridi, nikalijaza magazeti, nikalikalisha kwenye kiti kilichogeukia redio, mgongo dirishani. Mikono nimeitia mpini wa ufagio, ule uliovunjika vipande viwili. Kichwa ni mpira wa miguu wa zamani, juu yake kofia yangu ya sherehe. Nimesogea nje nikachungulia. Salale! Mtu mzima, ana heshima zake, anasikiliza muziki.

Mstaafu akatokea juu ya ukuta kama kawaida yake. Akauliza nina mgeni gani. Nikamwambia ni mjomba. Akatazama sana. Akauliza kwa nini nisikae kwenye kiti mwenyewe, nikafungua mlango mkaguzi akigonga. Nikamwambia haya mambo hayataki ualimu, yanataka akili. Akasema yeye huwa haingilii, akaendelea kumwagilia.

Tena akasema jambo. Kwamba hakuna anayemzuia mke wangu kuchota kwake hata mwaka mzima, ila kila alipokuja na ndoo alimwonea huruma, kwa sababu kila mara alikuwa akinitetea kabla hajaulizwa. Sikupenda. Mtu asimwonee huruma mke wangu. Huruma hiyo ni yangu.

Alasiri nimekaa na mjomba tukasikiliza redio. Yeye haongei. Nimemwambia habari za ndoo. Nimemwambia kwamba siku ya kwanza nilipomwona mke wangu alileta saa ya mkononi, mkanda umekatika, na nikaichelewesha wiki tatu ili aendelee kuja kuiulizia. Mjomba hakushangaa. Saa za wateja ukutani, zote kumi na moja, zilikuwa zinasema mambo tofauti, na kwa muda nikahisi ni siku ile bado. Nikasinzia begani kwake.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia unauma.

Nilijipanga vizuri. Nimeoga kwa kikombe, nimevaa tai. Mpango ulikuwa rahisi: mkaguzi akigonga, naitika. Neno moja tu. Karibu. Nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo, kwa sauti tatu.

Tatizo likawa saa nne ni saa ngapi. Saa mojawapo ukutani ilisema saa mbili na nusu, nyingine adhuhuri, ile ya kasha la mbao imekataa kusema tangu mwaka juzi. Nikachagua ile iliyonipa muda wa kuchemsha chai. Ndiyo kwanza nanyanyua sufuria, mlangoni, kwa ufunguo wa chuma:

Ko, ko, ko.

Nikafungua macho niko nyuma ya kochi.

Naapa sikwenda! Nilipelekwa. Miguu yangu mwenyewe, magoti yangu mwenyewe, miezi minne ya mazoezi. Mdomo ulikuwa tayari na ile karibu yake, ukabaki umefunguka sakafuni kwenye vumbi.

Nikajiambia, inuka. Nikajiinua kidogo. Hapo nikamsikia mkaguzi dirishani akisema kwamba kuna mtu amekaa kitini lakini haitiki. Akagonga kioo. Akaita mzee, mzee. Mjomba akaendelea kusikiliza muziki. Sauti ya Mstaafu ikaja, ikauliza kuna nini. Mkaguzi akasema polepole kwamba amegonga sana na mzee hatikisiki hata bega.

Halafu Mstaafu akasema, kwa sauti ambayo sikujua anayo, kwamba mkewe ameondoka Jumatatu, na jana jamaa alikuwa anazungumza peke yake. Akasema ngoja ampigie mkewe.

Sasa niambie, ningetokaje? Ningesimama kutoka nyuma ya kochi na tai shingoni niseme nini? Nikaamua kungoja wakati mzuri. Chini pale pana joto. Redio ilikuwa inapiga wimbo mpole, wenye vinanda vingi. Vumbi lilikuwa likielea kwenye mwanga, punje kwa punje, bila haraka. Aibu ikizidi nayo huleta usingizi. Nikaota niko dirisha la tatu na dada mwenye miwani ananifunua kifuani kama kifuniko cha mita, anasoma namba, anatikisa kichwa, anaandika.

Nimeamshwa na ufunguo mlangoni. Si wa chuma kile. Ufunguo wake.

Zahanati iko mitaa miwili tu kutoka kwetu. Alikuja mbio na sare yake, nilimsikia anavyohema. Akasimama. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye kiti, akamkumbatia mjomba kwa nyuma, akalia.

Alisema maneno. Nitayaandika yote, kwa sababu sijawahi kuyasikia na huenda nisiyasikie tena. Alisema mimi ni mpumbavu, lakini mpumbavu wake. Alisema mto haukumsaidia, kwa dada yake hajalala hata siku moja. Alisema alipokuwa anasikiliza birika lile alilazimika kutoka nje ya zahanati, alicheka hadi machozi, na kwamba hakuna mwanamume mwingine duniani ambaye angepanda kigoda akohoe kwa ajili yake. Alisema Jumapili angerudi, maji yatoke yasitoke. Alikuwa anangoja nitie akili kidogo tu. Na sasa nimekufa bila akili!

Ningetoka. Lakini maneno yalikuwa matamu, nikasema acha amalize.

Akakumbuka kazi yake. Muuguzi ni muuguzi. Akashika mkono wa mjomba atafute mapigo ya moyo.

Akapata mpini wa ufagio.

Saa ya kasha la mbao, ambayo haijasema neno tangu mwaka juzi, ikagonga mara moja. Na mimi, kwa sababu ya vumbi, nikapiga chafya.

Yaliyofuata sitayaandika kwa urefu. Alitumia kile kile kipande cha ufagio. Mstaafu alisimama mlangoni akisema taratibu, taratibu, lakini hakuingia kati. Kumbe ni kweli huwa haingilii. Nikasema kweli yote, kuanzia Novemba, nikiwa chini ya meza ya saa. Mkaguzi alisikiliza hadi mwisho. Ni mtu mfupi, mtaratibu, amebana fomu kifuani. Akasema samahani, yeye anahitaji kujua jambo moja tu kisha aende. Je, nyumba hii inakaliwa? Na watu wangapi?

Alimuuliza mke wangu, si mimi.

Mke wangu alitazama sahani mbili mezani, vikombe viwili, magauni yake kwenye kamba kule nje. Akanitazama mimi na tai yangu. Hapo ndipo nilipoelewa hasa maana ya nyumba tupu. Nikasema chini kwa chini kwamba namkosa. Likatoka tu.

Akakitupa kipande cha ufagio.

"Andika wawili," akasema. Mkaguzi akaanza kuandika. "Lakini huyo mmoja mwandike kwa penseli."

Jumamosi, 8 Machi

Yametoka!

Saa mbili asubuhi, kwa saa yake ya mkononi, ile ya mkanda, tulikuwa tumesimama wote wawili jikoni. Nje fundi wa ofisi ya maji alikuwa amepiga magoti barabarani na ufunguo wake. Bomba likavuta pumzi ndefu. Likakohoa. Likakohoa tena. Mke wangu akanitazama kwa pembe ya jicho, nikamhakikishia safari hii si mimi.

Kisha maji. Mekundu kidogo ya kutu, halafu meupe, halafu safi. Akaweka mkono wake chini ya bomba, akauacha hapo, kama anayemsalimia mtu aliyetoka safari. Nikaweka na wangu. Tumekaa hivyo hadi sinki likafurika.

Mto umerudi kitandani. Mjomba amevuliwa, koti liko kwenye maji ya sabuni.

Nimeapishwa upya. Kila mwisho wa mwezi, msoma mita akigonga, nitafungua mlango mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na kumpeleka hadi uani. Nimeapa kwa furaha. Mtu aliyepitia niliyopitia mimi si mtu yule yule. Nimejifunza mengi sana.

Jumatatu, 31 Machi

Naandika nyuma ya kochi.

Isieleweke vibaya! Mita simfichi mtu tena, aisome mpaka achoke. Hii ni nyingine kabisa. Kwa wiki tatu nimekuwa nikifikiri juu ya ile Ijumaa. Nikiwa hai, mke wangu huniambia nitoe takataka, nisiweke bisibisi kwenye sahani. Nilipokuwa nimekufa, alisema maneno yale! Mtu anapata wapi maneno yale akiwa hai? Nimemdokezea mara mbili tatu arudie, hasa ile sehemu ya hakuna mwanamume mwingine duniani. Akasema hakumbuki.

Leo yuko zamu ya mchana, asubuhi yote yuko nyumbani. Bomba linaimba jikoni, anaosha vyombo. Koti limekauka. Nimeliketisha kitini tena, kofia juu, mgongo mlangoni. Safari hii mikono nimeitia soksi, akishika isinisaliti kwa ugumu wake. Nimefikiria kila kitu.

Ko, ko, ko.

Nimemsikia akiniita nifungue mlango. Ameita tena. Sasa amefunga bomba, anakuja, nasikia kandambili zake sakafuni. Amesimama karibu na kiti. Amesimama muda mrefu. Nimebana pua, vumbi lisiniharibie.

Amepita. Amefungua mlango mwenyewe. Anamkaribisha msoma mita kwa sauti tamu sana, anamwonyesha njia ya uani. Na sasa anamuuliza, kwa upole kabisa, kama katika begi lake amekuja na kifutio.

Sijui kifutio cha nini. Nimejikunja vizuri zaidi. Nadhani sasa hivi ataanza kulia.